Siku ya Themanini na Tano

Jumatano ya tarehe 7 Agosti 2019, Zuleikha Hassan aliingia kwenye ukumbi wa Bunge la Taifa jijini Nairobi akiwa amempakata mwanawe wa miezi 5. Alikuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale. Alichaguliwa kwa kura kama wabunge wenzake, na kazi iliyomleta mle ndani ilikuwa ileile iliyowaleta wao. Ukumbi ukachafuka kwa kelele. Christopher Omulele, aliyekuwa amekalia kiti cha Spika wakati ule, akamwamuru atoke, kwani kwa kanuni za Bunge mtoto yule alikuwa mgeni, na mgeni haruhusiwi kuketi walipo wabunge. Zuleikha akatoka. Wabunge kadhaa wanawake wakanyanyuka, wakamfuata nje.

Huko nje aliwaeleza waandishi wa habari kwamba siku hiyo alikuwa amepata dharura nyumbani, na kwamba kama Bunge lingekuwa na mahali pa kulelea watoto angemwacha wake hapo, akaingia kikaoni kama kawaida. Ilikuwa siku ya mwisho ya Wiki ya Unyonyeshaji Duniani.

Wiki 2 baadaye, tarehe 21 Agosti, bunge jingine lilionekana kwenye magazeti ya dunia. Trevor Mallard, Spika wa New Zealand, aliongoza mjadala mjini Wellington huku amempakata mtoto mchanga wa mbunge Tāmati Coffey, akimnywesha maziwa kwa chupa.

Anayezitazama habari hizi mbili upesi ataona ni suala la mazoea tu, kwamba Wellington wamekwisha zoea na Nairobi bado. Ndani yake kuna jambo zito zaidi. Miaka 2 kabla ya siku ile, Bunge la Kenya lilikuwa limepitisha Sheria ya Afya ya 2017. Vifungu vyake vya 71 na 72 vinamtaka mwajiri awe na chumba cha kunyonyeshea chenye mahali pa kunawia mikono, jokofu, soketi za umeme, meza na viti vya kukalia kwa raha, na vinampa mama muda wa kunyonyesha usiozidi saa 1 katika kila saa 8 za kazi. Sheria ilikuwapo, mama alikuwapo, na mtoto alikuwapo. Kilichokosekana ni mahali pa kumweka, na mahali hapo hujengwa kwa fedha. Katika sera za uzazi na malezi za Afrika Mashariki, swali la fedha ndilo ambalo mara nyingi huachwa mwisho, au haliulizwi kabisa.

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu. Katika miji ya Pwani mzazi hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, na kazi yake inakuwa moja tu, kunyonyesha. Uchagani hupikiwa mtori, ndizi na nyama zilizopondwa zikalainika, bakuli baada ya bakuli, kwa wiki nyingi. Mama yake huja na mkoba wa nguo akakaa hata mwezi mzima. Wifi, shangazi na jirani hupokezana ndoo, jiko na nepi. Hiyo nayo ilikuwa likizo ya uzazi yenye malipo, na malipo yake yalikuwa kuni, maziwa, kuku, na siku za kazi za wanawake wengine ambao nao walijua zamu yao itafika. Waswahili husema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na ukoo ulijipanga kwa kufuata uzito huo.

Utaratibu huo haujafa, ila umebanwa sana. Bibi wa mtoto yuko Moshi, Lushoto au Kisumu. Mama amepanga chumba Mbagala jijini Dar es Salaam au Pipeline jijini Nairobi. Nauli ya basi ipo, lakini chumba ni kimoja, na bibi mwenyewe huenda bado ana shamba la kupalilia au meza ya nyanya sokoni asiyoweza kuiacha mwezi mzima. Wanaobaki wa kubeba mzigo uliokuwa wa ukoo mzima ni watatu: mama, mwajiri wake kama anaye, na serikali.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Anaweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua. Haruhusiwi kurudi kazini ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Akisharudi, mwajiri anatakiwa kumruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Mzunguko wa likizo hii ni miezi 36, na mtoto akifariki kabla ya kutimiza mwaka, mama anastahili siku nyingine 84 ndani ya mzunguko huohuo. Mwajiri halazimiki kuitoa zaidi ya mara 4 kwa mfanyakazi mmoja.

Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, inatoa miezi 3 kwa mshahara kamili. Sheria iliyotangulia ilitoa miezi 2, na mwanamke aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka, kana kwamba kujifungua ni mapumziko ya ufukweni. Uganda inatoa siku 60 za kazi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inatoa wiki 14, lakini kwa theluthi 2 za mshahara.

Hizi si haki ndogo, na waliozipigania wanastahili kushukuriwa. Lakini chukua kalenda uhesabu. Anayeianza likizo wiki 4 kabla ya kujifungua anarudi kazini mtoto akiwa na wiki 8. Anayevumilia, akafanya kazi hadi uchungu unapomshika ili siku zote 84 zimkute na mtoto mkononi, anarudi mtoto akiwa na wiki 12. Wakati huohuo, kliniki ya mama na mtoto inamwambia, kwa maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, asimpe mtoto kitu kingine chochote ila maziwa ya mama kwa miezi 6. Miezi 6 ni siku kama 182. Toa 84, zinabaki 98. Wizara moja inamtaka mama anyonyeshe siku hizo 98, na sheria ya wizara nyingine inamtaka awe kazini.

Ndiyo maana siku ya kutazamwa ni ya 85. Chukulia mama wa Dar es Salaam anayefanya kazi Kariakoo na kuishi mbali, Chanika. Anaamka saa 9 usiku kukamua maziwa, kama ana jokofu la kuyahifadhi na kama umeme haujakatika. Saa 11 alfajiri yuko kituoni. Saa 2 za kunyonyesha anazopewa na sheria zinaishia barabarani kabla hajamfikia mtoto, kwa sababu sheria iliandikwa kana kwamba mtoto yuko chumba cha pili. Wengi huzitumia kutoka kazini mapema jioni. Ni nafuu, lakini mtoto aliyelia njaa saa 4 asubuhi alikwisha pewa kikopo cha uji au maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji.

Mama aliyejifungua mtoto njiti, yaani kabla ya wakati, alikuwa na hesabu ngumu kuliko hii. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 28 anaweza kukaa wodini wiki nyingi, akipewa joto kwa kulazwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akilishwa kwa mrija tone kwa tone. Kwa sheria ya Tanzania ya 2004, siku 84 za mama huyo zilihesabiwa kama za mwingine yeyote. Zilianza kuisha akiwa bado kwenye kiti cha wodi, na ziliweza kwisha mtoto akiwa hajafikia uzito ambao wenzake huzaliwa nao. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, aliutumia umaarufu wake na taasisi yenye jina lake kuisema habari hii kwa miaka, hospitalini kwa kupeleka vifaa na Dodoma kwa kuwashawishi wabunge. Mwanzoni mwa 2025 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za kazi yanayoongeza likizo ya mama wa njiti ili kufidia muda ambao mimba haikuutimiza.

Marekebisho hayo yanaonyesha kwamba sheria ya uzazi inaweza kubadilika pale mtu anapoichukua kalenda na kuwaonyesha wakubwa, siku kwa siku, mwili wa mama na wa mtoto unapitia nini. Pia yanaonyesha kilichobaki bila kuguswa. Wiki zile za nyongeza nazo zitalipwa na mwajiri aliyempata mama huyo kazini kwake.

Na nani anabaki na mtoto siku ya 85? Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa jibu ni dada wa kazi. Ametoka Singida, Iringa, Kitui au Busia. Wakati mwingine umri wake ni wa kuwa darasani. Halali kabla ya mwenye nyumba wala haamki baada yake. Ofisi, benki, hospitali na shule za mijini zinaendeshwa na kina mama ambao wanaweza kutoka asubuhi kwa sababu yeye amebaki. Kisheria ni mfanyakazi, na siku zile 84 ni zake pia, lakini akipata mimba mara nyingi anachopata ni nauli ya kurudi kwao. Akirudi tena mjini, mwanawe anabaki kijijini kwa bibi. Wengine wanakwenda mbali zaidi. Wanatoka Kwale, Kilifi na Tanga kwenda kulea watoto wa watu Oman na Saudi Arabia, wakiwaona wa kwao kwenye simu. Msichana huyu ndiye mfuko wa malezi wa Afrika Mashariki. Anachangia kuliko wote, na hakuna bajeti inayomtaja.

Sasa tuje kwa mwajiri. Katika Tanzania, Kenya na Uganda sheria inamwelekezea yeye bili ya likizo. Shirika kubwa lenye wafanyakazi 2,000 linaibeba bila kuyumba. Lakini fikiria duka la dawa la mtaani lenye wafanyakazi 4. Mmoja akijifungua, mwenye duka anamlipa aliye nyumbani na anamlipa aliyeshika nafasi yake, miezi 3 mfululizo, kutoka kwenye faida ambayo huenda ni ndogo kuliko mishahara hiyo miwili. Wapo wanaolipa kwa moyo mweupe. Wapo wanaotafuta njia ya kukwepa, na njia rahisi kuliko zote iko mlangoni: kutomwajiri msichana aliyetoka kuolewa. Maswali yanajulikana na kila aliyewahi kukaa kwenye usaili. Umeolewa? Una watoto wangapi? Mumeo anakaa wapi? Kwa kumtwika mtu mmoja gharama ambayo ni ya jamii nzima, sheria iliyokusudia kumlinda mwanamke inampa mwajiri sababu ya kumwogopa.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1919, Shirika la Kazi Duniani lilipofanya mkutano wake wa kwanza mjini Washington, mkataba wa 3 uliopitishwa ulikuwa wa ulinzi wa uzazi, na ulisema malipo ya mama yatoke katika fedha za umma au katika mfumo wa bima. Mkataba wa 183 wa mwaka 2000, ulioweka wiki 14 na angalau theluthi 2 za kipato, ukarudia kwamba kwa kawaida mwajiri asibebeshwe gharama hiyo peke yake. Zaidi ya miaka 100 wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi wamekuwa wakikubaliana juu ya hili katika kumbi za mikutano.

Katika ukanda huu, Rwanda ililitoa ukumbini na kulipeleka kwenye karatasi ya mshahara.

Na Rwanda ilianzia pabaya. Sheria yake ya kazi ya 2009 ilimpa mama wiki 12, lakini wiki 6 za mwisho zilikuwa na masharti: akirudi kazini baada ya wiki 6 analipwa mshahara wote, akikaa nyumbani analipwa asilimia 20 tu. Kwa mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto wakubwa, huo haukuwa uchaguzi. Wanawake walirudi kazini kidonda hakijapona. Wakati huohuo nchi ilikuwa na bunge ambamo, baada ya uchaguzi wa 2013, wanawake walishika asilimia 64 ya viti vya baraza la chini, na malalamiko haya hayakuhitaji kutafsiriwa mle ndani. Mwaka 2016 ikapitishwa sheria ya bima ya likizo ya uzazi.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Kila mfanyakazi mwenye mshahara, mwanamume na mwanamke, kijana na anayekaribia kustaafu, anakatwa asilimia 0.3. Mwajiri anaongeza asilimia 0.3. Fedha zinakwenda Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda. Mfanyakazi anapojifungua, mwajiri anabeba wiki 6 za kwanza na bima inabeba zilizobaki, kwa mshahara kamili. Anayelipwa faranga 100,000 kwa mwezi anachangia faranga 300, na mwajiri wake faranga 300. Kwa sheria ya kazi iliyorekebishwa mwaka 2023, likizo ikafika wiki 14, na ya baba ikapanda kutoka siku 4 hadi siku 7 za kazi.

Linalostahili kutazamwa kwa makini ni yule mzee wa miaka 58 anayekatwa zile 0.3. Hatajifungua, na mkewe amekwisha maliza kuzaa. Lakini pensheni atakayoila itachangiwa na watu ambao leo wako kifuani kwa mama zao, na kijana aliye meza ya jirani kazini hana tena sababu ya kuulizwa kama ana mpango wa kuzaa, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama yake haiko tena mezani kwa bosi. Ukoo wa zamani ulikuwa na utaratibu huohuo: aliyepeleka kuku kwa mzazi hakupeleka kwa sababu yeye ndiye aliyejifungua.

Oman, ambako maelfu ya familia bado huongea Kiswahili nyumbani, imepita njia hiyohiyo. Sheria ya Hifadhi ya Jamii iliyotolewa kwa amri ya Sultani mwaka 2023 iliweka bima ya likizo ya uzazi, ikaanza kazi Julai 2024: siku 98 kwa mama na siku 7 kwa baba, zikigharimiwa na mchango wa asilimia 1 ya mshahara kutoka kwa waajiri wote. Kampuni yenye wanaume watupu inachangia sawa na yenye wanawake watupu.

Tanzania haianzi patupu. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ya 1997 iliweka fao la uzazi kwa wanachama wake, na ofisi za mikoa na kumbukumbu za michango zipo. Lakini sheria ya kazi bado inamtaka mwajiri mwenyewe alipe zile siku 84. Kuunganisha mambo haya mawili, yaani mfuko uliopo na haki iliyopo, hakuhitaji kubuni taasisi mpya. Kwa kiwango kama cha Rwanda, mwenye mshahara wa shilingi 500,000 angechangia shilingi 1,500 kwa mwezi na mwajiri wake kiasi hichohicho.

Baba naye ana siku zake. Tanzania Bara inampa siku 3, mradi azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Uganda siku 4 za kazi. Kenya, kwa sheria ya 2007, wiki 2 kwa mshahara kamili, na kwa hilo Wakenya wana haki ya kujivunia. Siku 3 zinatosha kumtoa mama hospitalini, kununua beseni na kuwapigia simu ndugu. Hazitoshi kujifunza mtoto analia namna gani akiwa na njaa na namna gani akiwa na tumbo. Mama aliyepasuliwa hawezi kuinua ndoo kwa wiki kadhaa, na sheria inamrudisha kazini mtu pekee mzima ndani ya nyumba ile kabla nyuzi hazijatolewa.

Sweden ilibadilisha likizo ya uzazi kuwa bima ya wazazi wote wawili mwaka 1974, na leo wazazi wana siku 480, ambazo 90 kati yake ni za kila mmoja peke yake, asizoweza kumpa mwenzake. Afrika Kusini imefika huko kwa njia ya mahakama. Baba mmoja alitaka kubaki na mtoto kwa sababu mkewe alikuwa na biashara ya kuendesha, akakuta sheria inampa siku 10 tu. Alikwenda mahakamani. Oktoba 2023 Mahakama Kuu ya Gauteng ikasema sheria ile ni ya kibaguzi, na Oktoba 2025 Mahakama ya Katiba ikakubali: wazazi wanaofanya kazi wagawane wenyewe miezi 4 na siku 10. Majaji waliiacha familia iamue.

Hata hivyo, yote yaliyosemwa hadi hapa yanamhusu mwenye barua ya ajira. Nchini Kenya zaidi ya asilimia 80 ya kazi ziko katika sekta isiyo rasmi. Mama lishe, mfua nguo, muuza mitumba, msusi: hakuna anayewahesabia siku 84. Siku ya 85 yao huwa ya 10 au ya 14, pale akiba inapokwisha. Kwao likizo yenye malipo ni habari ya mbali. Wanachohitaji kwanza ni mahali salama pa kumwacha mtoto kwa bei wanayoiweza.

Nairobi imejaa mahali pa namna hiyo, ila usalama ndio haba. Korogocho, Mukuru na Kibera zina vyumba vya mabati ambavyo mitaani huitwa dei kea, ambako mama mmoja hupokea watoto asubuhi na mapema kwa ada ya siku. Anayelipa anamwacha mtoto pamoja na chakula chake. Asiyekuwa na ada siku hiyo anamfunga mgongoni aende naye kazini, au anamwacha kwa kaka yake wa miaka 8 ambaye naye hatakwenda shule. Shirika la Kidogo, lililoanzishwa mwaka 2014, limechagua kuwafundisha wanawake hawahawa ambao tayari wana vituo, badala ya kuwafukuza mtaani.

Shelley Clark wa Chuo Kikuu cha McGill na wenzake walifanya jaribio Korogocho. Waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake zaidi ya 1,200 wenye watoto wadogo, kundi moja likapewa vocha za kulipia dei kea na jingine halikupewa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Waliopewa vocha walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa tofauti ya pointi 8.5 za asilimia. Kwa kina mama wanaolea peke yao tofauti ilijitokeza kwa namna nyingine: wengi wao walikuwa wakifanya kazi tangu mwanzo, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine. Vocha iliwawezesha kupata kazi zenye saa chache na zinazotabirika, bila kupungukiwa kipato.

Matokeo haya yangepaswa kukaa juu ya meza ya kila waziri wa fedha. Kulipia malezi ya mchana huonekana kama sadaka. Korogocho imeonyesha kwamba ni matumizi yanayowarudisha watu wazima kazini.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikwisha sema ni kazi ya nani. Jedwali la Nne linaorodhesha vituo vya kulelea watoto miongoni mwa majukumu ya kaunti, mstari uleule ulio na elimu ya chekechea. Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo hivyo mwaka 2017. Tanzania nayo ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021 kwa kipindi cha miaka 5, ikiziweka pamoja afya, lishe, ulinzi, malezi na ujifunzaji wa mtoto tangu mimba hadi miaka 8. Maandishi yapo, na mengine yameandikwa vizuri. Lakini ukifuata fedha za umma, utazikuta zahanati wakati wa chanjo, kisha utazikuta tena mlangoni mwa shule: Tanzania, elimu bila ada inampokea mtoto darasa la awali akiwa na miaka 5, Kenya, darasa la PP1 akiwa na miaka 4. Kati ya milango hiyo miwili ni miaka ambayo ubongo wa binadamu hukua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote wa maisha yake, na ni miaka ambayo mama hulipa peke yake.

Mtoto aliyetolewa nje ya ukumbi pamoja na mama yake mwaka 2019 alifikia umri wa PP1 mwaka 2023, na tangu hapo kaunti ina darasa na mwalimu wa kumpokea. Alipokuwa mchanga mama yake alikuwa na mshahara wa mbunge wa kununulia msaada, na bado siku moja msaada huo ulikosekana. Mama wa Korogocho aliyejifungua wiki moja naye alikuwa na jirani, na ada ya dei kea siku ambazo nguo za kufua zilipatikana.